Gari la Kukodi, Posa ya Muheza na Swali la Kazi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Kijana anayehusika na kisa hiki ni fundi wa majokofu na viyoyozi jijini Dar es Salaam. Alijifunza kazi hiyo katika chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, akawa msaidizi wa mafundi wengine, kisha akaanza kujitegemea. Hana ofisi wala fremu. Ana begi la vifaa, pampu ya kuvutia upepo, mtungi wa gesi na namba ya simu ambayo wateja wa Sinza, Mikocheni na Mbezi Beach hupeana wao kwa wao. Wakati wa kaskazi, joto linapokuwa kali kuanzia Desemba hadi Machi, analala saa chache na anapata fedha ambayo wengi wenye ajira rasmi hawaioni. Ikifika Juni na Julai simu zinapungua, naye anaishi kwa akiba. Kipato hicho kinachopanda na kushuka kina uzito katika yote yatakayofuata, kwa sababu safari yake ya kwenda kujitambulisha ukweni, Muheza mkoani Tanga, ilipangwa mwezi Julai.

Wasafiri walikuwa wanne: yeye mwenyewe, rafiki yake, shangazi yake mwenye maumivu ya magoti, na mshenga, ambaye ni jirani mstaafu anayeheshimika mtaani. Wangeweza kupanda basi la Tanga katika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, na kushuka Muheza bila kubadilisha gari. Hata hivyo, shangazi hawezi kukaa amekunja miguu kwa saa nyingi, na walikuwa na mizigo ya heshima ambayo haifai kurundikwa kwenye buti la basi. Kukodi gari, kwa hiyo, kulikuwa na sababu ya kweli, na ninaitaja mapema kwa kuwa baadaye watu wa pande zote mbili walizungumza kana kwamba gari lilikodiwa kwa majivuno peke yake.

Majivuno yaliingia, lakini yaliingia wakati wa kuchagua. Mpango wa kwanza ulikuwa Toyota Noah, gari ambalo lingewatosha wote pamoja na mizigo na ambalo halimshtui mtu. Rafiki ndiye aliyeshauri kwamba ukweni haendwi na gari la kubebea watoto wa shule, na ndiye aliyemfahamu mtu mwenye Volkswagen Touareg nyeusi, gari kubwa la Kijerumani, anayeikodisha kwa watu anaowaamini. Kijana alisita kidogo, kisha akakubali.

Makubaliano yalifanyika kwa simu na kwa ujumbe mfupi. Mwenye gari alipokea kodi ya siku mbili na amana, akaonya kwamba ameweka kifaa cha kufuatilia gari lilipo, akakabidhi ufunguo jioni ya kuamkia safari. Hapakuwa na mkataba wa maandishi, hapakuwa na picha za michubuko iliyokuwapo, na hakuna aliyeuliza faini za barabarani zitalipwaje. Gari lilikuwa na namba za njano, yaani namba za gari binafsi, ilhali magari ya biashara hubeba namba nyeupe. Kwa kijana hilo lilikuwa jambo zuri, kwa kuwa hakuna ambaye angejua kwa kutazama kwamba gari ni la kukodi. Hakujiuliza bima imekatwa kwa matumizi gani. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likipata ajali likiwa limekodishwa kwa malipo, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, hata kama bima yenyewe ni ile kubwa (comprehensive), na hapo deni linabaki baina ya mwenye gari na dereva wasio na karatasi yoyote baina yao.

Walitoka alfajiri, wakapita Bagamoyo na kutokea Msata ili kukwepa foleni ya Kibaha, wakashika barabara kuu ya kwenda Segera. Mahali fulani kabla ya Mkata walipigwa tochi, yaani kipimo cha mwendo cha trafiki. Walikuwa wamekipita kibao cha kilomita 50 kwa saa, nyumba zilikuwa chache, na gari zito la aina ile halimfanyi dereva ahisi mwendo kama pikapu yake kuukuu ya kazini inavyomfanya ahisi. Askari wa usalama barabarani alimsalimia mshenga shikamoo, akaomba leseni, akakagua bima, akauliza kuhusu mtungi wa kuzimia moto, kisha akauliza maswali mawili ambayo trafiki wengi huuliza wanapoona dereva kijana ndani ya gari la thamani: gari hili ni la nani, na wewe unafanya kazi gani.

Kijana alijibu bila kusita. Alisema gari amelikodi, anampeleka shangazi yake na wazee Muheza kwenye shughuli ya posa, na kwamba yeye ni fundi wa viyoyozi. Askari akamtakia heri, akamwandikia faini ya shilingi 30,000 kama kawaida, wakaendelea. Mshenga anasema aliyaweka moyoni majibu yale kwa jinsi yalivyokuwa mepesi, na kwamba kama angejua kitakachotokea saa chache baadaye, angemwambia kijana ayarudie kama yalivyo.

Walipokaribia nyumbani kwa wakwe, watoto walilikimbilia gari, na wanaume waliokuwa wamekaa barazani wakasimama. Mapokezi yalikuwa ya heshima, salamu zikachukua muda wake, wageni wakakaribishwa ndani. Muda mfupi baadaye Fuso iliyosheheni machungwa ikafika njia panda ya uani, maana Julai ni msimu, na kijana akaombwa asogeze gari ipite. Hapa ndipo mjomba wa binti, ambaye aliendesha malori kwa miaka mingi, alipoona alichokiona. Kijana aliingia, akawasha, akataka kuonyesha kwamba anakwenda kulia. Badala ya taa ya kukunjia, waipa zikaanza kufuta kioo kikavu. Akazizima, akajaribu tena, zikaanza upya. Kwenye magari mengi ya Kijapani kijiti cha taa za kukunjia kiko upande wa kulia wa usukani, na kwenye magari ya Ulaya kiko kushoto. Mkono uliozoea upande mmoja huchukua siku kadhaa kusahau. Mjomba alitabasamu, akamwelekeza dereva wa Fuso, akarudi barazani bila kusema neno.

Baada ya chakula, mbele ya wazee wa pande zote, wanawake wakiwa chumba cha pili ambako kila kinachosemwa kinasikika, mjomba aliuliza: "Mwanangu, tumefurahi sana kukuona. Gari kama lile si la mtu mdogo. Hebu tuambie, unafanya kazi gani?"

Kijana akajibu kwamba yupo kwenye mambo ya biashara. Mjomba akauliza biashara gani. Akajibu kwamba ni za hapa na pale, mjini kuna mengi. Mshenga akajaribu kuingilia kwa kusema kwamba kijana ni mchapakazi na anajulikana mtaani, lakini neno hilo, likija baada ya jibu lile, lilisikika kama la mtu anayefunika jambo. Mazungumzo yakahamia kwenye mvua na bei ya machungwa, na wageni wakaondoka kabla ya Magharibi.

Majibu yalifika kwa mshenga baada ya wiki mbili, na yalikuwa na sehemu mbili ambazo hazikuendana. Upande mmoja, kilemba cha baba na mkaja wa mama, yaani fedha za heshima wanazopewa wazazi wa binti, ambavyo awali vilikuwa vimedokezwa kwa kiasi cha kawaida, vilipandishwa hadi kiwango cha mtu mwenye gari lile. Upande wa pili, familia ilitaka ijulikane waziwazi kijana anapata wapi fedha zake, kwa sababu mtu mwenye gari la fahari asiyeweza kuitaja kazi yake huwafanya watu wafikirie biashara ambazo hazitajwi. Walikuwa wakimtoza kama tajiri na kumshuku kama mhalifu kwa wakati mmoja.

Nianze na swali lenyewe, kwa kuwa wengi waliosikia kisa hiki walikimbilia kusema kwamba mjomba alikosa adabu kwa kuuliza kazi ya mgeni. Sikubaliani nao moja kwa moja. Katika mazungumzo ya kawaida ya Waswahili, kazi hutajwa kila siku bila kuchunguzwa: tunaulizana habari za kazi hata na mtu tusiyejua anafanya nini, na jibu ni nzuri, yamekwisha. Kumuuliza mtu uliyekutana naye kwenye daladala au msibani kazi yake ni ipi, kisha ameajiriwa wapi, kisha analipwaje, ni kumkagua, na mtu mwenye malezi haendi huko. Akitaka kujua ataanza na yake mwenyewe, au atauliza mwenzake anajishughulisha na nini, akimwachia nafasi ya kujibu kwa kiasi anachotaka. Posa, hata hivyo, ni mahali tofauti. Familia inayomtoa binti ina haki ya kujua atakula nini na nani atamtibu akiugua. Isingeuliza kabisa, ndiyo ingekuwa imekosea.

Tatizo la mjomba ni njia aliyoitumia. Mila za pwani zimeweka mshenga kati ya familia mbili kwa ajili ya maswali kama hayo hasa. Swali likipita kwa mshenga, jibu hurudi likiwa limepangwa, na kama jibu halipendezi, hakuna aliyeaibika mbele ya mwingine. Posa inaweza kukataliwa kwa sababu nyingine yoyote ya heshima. Mjomba alimruka mshenga aliyekuwa ameketi hatua chache kutoka kwake na kulitupa swali katikati ya baraza, akilitanguliza na sifa ya gari. Utangulizi huo ndio uliokuwa na makali. Kwa kusema kwamba gari lile si la mtu mdogo, alimwekea kijana jibu mdomoni: ama aseme kazi inayolingana na gari, ama alikane gari.

Kuna jambo zaidi, ambalo lilijulikana baadaye. Binti alikuwa amekwisha kumwambia mama yake, miezi kabla ya safari, kwamba mchumba wake ni fundi wa viyoyozi, na hata kwamba gari litakuwa la kukodi kwa sababu ya shangazi. Mama hakuona haja ya kulisambaza, au aliona litamshushia binti heshima mbele ya mawifi. Kama mjomba alikuwa amesikia, basi hakuuliza ili ajue. Aliuliza ili amsikie kijana akisema, na kwa kuwa alikuwa ameona waipa zikifuta kioo kikavu, inaonekana alikuwa akimjaribu. Mjomba mwenyewe anakana kwamba alikuwa na habari hizo. Mimi naona kwamba hata bila kusikia chochote, dereva wa miaka mingi alikuwa amekwisha kulielewa gari lile, na swali lake barazani lilikuwa la mtu mwenye jibu mfukoni. Kumuuliza mgeni jambo ambalo tayari unalo, mbele ya watu, ni kumtegea, na umri haumpi mtu ruhusa hiyo.

Hata hivyo mtego hauwezi kumnasa aliyesema kweli, na hapa lazima tumgeukie kijana. Kwa nini alimjibu askari bila shida na akashindwa kumjibu mjomba? Yeye anasema aliogopa kudharauliwa, na woga huo una msingi. Ziko nyumba nyingi ambamo fundi, awe wa bomba, wa umeme au wa majokofu, huitwa haraka kitu kinapoharibika na husahaulika haraka kinapotengemaa, huku mtu mwenye kitambulisho cha ofisi shingoni akipewa kiti cha mbele hata kama mshahara wake unaishia kwenye mikopo. Sababu ya pili hakuisema, lakini mshenga aliifahamu: kutaja kazi kunafungua milango ya vizinga. Ukisema una kazi fulani, kabla ya chai kupoa utakuwa umekabidhiwa mdogo wa mtu aliye nyumbani bila shughuli, au umeombwa nauli, au umeahidiwa friji bovu litakalosubiri mkono wako wa bure. Ndugu zetu wanaorudi kutoka Oman au Uingereza wanaifahamu hali hii vizuri. Wengi wao pia hukodi gari wakifika, na wakiulizwa kazi ya huko hujibu kwa mafumbo, kwa sababu kazi ya kutunza wazee au ya kubeba boksi haitajiki kwa urahisi na mtu anayeshuka kutoka kwenye Prado.

Naelewa sababu zote mbili, na bado naona kwamba hazimwondolei kosa. Jibu la mafumbo lina mahali pake, na mahali hapo ni kwa mtu asiye na haki ya kujua. Jirani wa siti kwenye basi anaweza kuambiwa mambo ya biashara, akaridhika. Wakwe watarajiwa hawawezi. Isitoshe, kazi yenyewe ilikuwa jibu zuri. Fundi wa viyoyozi Dar es Salaam, jiji ambalo benki, hospitali, hoteli na nyumba za watu zinazidi kutegemea mashine hizo, ana soko ambalo wahitimu wengi wa vyuo wangelitamani. Angeweza kusema, kwa unyenyekevu na bila kuomba radhi: "Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, mzee wangu, ninajitegemea. Gari tumelikodi kwa ajili ya shangazi." Sentensi mbili zingemwacha mjomba hana pa kushika, na waipa zingebaki kuwa kichekesho cha siku ile.

Ugumu wake ulikuwa kwamba hakuweza kuitamka ya kwanza bila ya pili. Mbele ya askari gari lilikuwa limekwisha kuelezwa kuwa la kukodi, kwa hiyo kazi ikasimama peke yake. Barazani gari lilikuwa limekwisha kuachwa lieleweke kuwa lake. Hakuna aliyedanganya kwa ulimi: hakusema ni lake, na hakuna aliyemuuliza. Lakini mtoto mmoja alipolisifia gari uani, kijana alicheka tu, na rafiki yake akaongeza kwamba hilo ni la kazi ndogondogo. Mtu anayekodi gari hawajibiki kumtangazia kila mpita njia kwamba amelikodi, kama vile anayevaa suti ya kuazima hawajibiki kuitundika lebo. Wajibu unaanza pale mtu mwenye haki ya kujua hali yako anapoonekana kuamini jambo lisilo kweli na anakaribia kuamua kwa kulitegemea, na kilemba na mkaja ni uamuzi wa namna hiyo.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu kwa mshenga ulihusu zaidi maandalizi kuliko adabu. Mshenga alipaswa kupeleka habari ya kazi kabla ya safari, kwa maneno yaliyokubaliwa na kijana mwenyewe, pamoja na maelezo kwamba kipato chake hufuata msimu. Jambo hili la msimu si dogo. Mkwe aliyeambiwa mapema kwamba Julai ni mwezi mkavu hatashangaa mwaka ujao akiombwa asubiri, na hatadhani kwamba gari limeuzwa kwa shida. Gari nalo lilipaswa kutajwa kwa nusu sentensi katika ujumbe huo huo, pamoja na magoti ya shangazi.

Upande wa gari lenyewe, kijana alilipa gharama ambayo ingeepukika. Faini husomeka kwenye namba ya gari, kwa hiyo mwenye gari aliiona kabla hawajarudi, akapiga simu akiwa amekasirika kwamba hakuambiwa. Waliporudi akaonyesha mchubuko kwenye bampa ya nyuma na kuzuia sehemu ya amana; kijana anaapa kwamba ulikuwapo, na bila picha hakuna wa kuamua. Kabla ya kuchukua gari la mtu, dereva aone kadi ya gari, ahakikishe bima na matumizi yaliyoandikwa humo, arekodi video akilizunguka gari pamoja na mwenyewe, waandike nani anabeba faini na hadi wapi gari linaruhusiwa kufika. Kisha, jambo ambalo watu hulidharau, aliendeshe mtaani kwa nusu saa kabla ya kuliingiza barabara kuu, mpaka mikono ijue taa ziko wapi, breki zinashika vipi na mwendo wa 50 unahisiwaje ndani yake. Leseni ya daraja D inamruhusu kuendesha gari dogo la aina yoyote, lakini haimfundishi gari asilolijua, na kati ya Msata na Segera malori hayampi mtu nafasi ya kutafuta swichi.

Mshenga alirudi Muheza mwezi uliofuata, peke yake, kwa basi. Alikaa na baba wa binti faraghani, bila mjomba, akaeleza kazi, msimu, gari na sababu yake, kisha akaomba radhi kwa niaba ya kijana kwa jibu la barazani. Baba alisema ufundi si aibu, kwani hata yeye alianza kwa kuchonga vitanda. Kilichomuudhi ni kuachwa abahatishe ndani ya nyumba yake. Mama naye akakiri kwamba alikuwa akijua. Kilemba na mkaja vikarudi karibu na kiwango cha awali, na tarehe ya mahari ikasogezwa hadi Februari, kwa ombi la mshenga, ili iangukie miezi ya joto.

Limebaki jambo moja ambalo halijaisha. Mjomba ametuma ujumbe kwamba, kwa kuwa sasa kazi imejulikana, anataka kujua kijana anaingiza kiasi gani kwa mwezi, na mshenga amekataa kuliulizia. Naona yuko sahihi. Familia ilihitaji kujua kama kijana ana kazi halali inayoweza kulisha nyumba, na imejulishwa; hesabu ya mwezi hadi mwezi, hasa kwa mtu ambaye Januari yake haifanani na Julai yake, ni ya kijana na mke wake watakapokuwa wameanza maisha. Baba wa binti anakubaliana na mshenga, ingawa bado hajamwambia hivyo shemeji yake.